Anayerudi na Swali: Wanafunzi Wanamthamini Mwalimu wa Chuo Kikuu kwa Lipi?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Shirimatunda, Moshi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, akina mama na akina baba mliofunga maduka mapema, na ninyi vijana wa vyuo mliosimama mpaka mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha.

Nimeombwa niseme wanafunzi wanathamini nini kwa mwalimu mzuri wa chuo kikuu. Naomba nianzie chumbani.

Mwezi uliopita nilimtembelea mtoto wa dada yangu, aliyepanga hapa hapa Shirimatunda. Geto la mwanafunzi mnalijua: godoro chini, mtungi mdogo wa gesi, ndoo mbili za maji, nguo kwenye msumari, ratiba ya vipindi imebandikwa ukutani. Juu ya kimeza kulikuwa na rundo la madesa. Kwa wazee ambao neno hili ni geni, desa ni notisi za somo zinazotolewa kopi steshenari na kurithishwa mwaka hata mwaka. Nikachukua moja. Lilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Ukingo wa kushoto umeliwa na mashine, kwa hiyo kila mstari unaanza katikati ya neno. Ukurasa wa kwanza una duara la kikombe cha chai, na duara lenyewe nalo limetolewa kopi. Juu yake yapo majina matatu ya wenyewe wa zamani, kila jina limepigwa mstari kumpisha aliyefuata.

“Mjomba,” akaniambia, “hata lile kosa la ukurasa wa tano lipo tangu enzi za waliotutangulia. Tunalisoma hivyo hivyo, maana lekcha naye analisoma hivyo hivyo.”

Nikamwuliza kama yupo hata mwalimu mmoja wanayemkubali. Akasema yupo. Nikadhani atasema huyo anatoa A kirahisi, au anawaachia mapema siku ya Ijumaa. Akasema, “Huyo ukimwuliza kitu asichokijua, wiki inayofuata anarudi nacho.”

Nimefundisha chuo kikuu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimekaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo na nimesoma taarifa nyingi za ubora wa elimu. Sijaona sifa ya mwalimu iliyopimwa sawasawa kama hiyo. Jioni hii nataka kuitetea, na shahidi wangu mkubwa yuko huko juu mlimani, Mweka.

Mweka wengi mnaifahamu kwa wapanda mlima wanaoshukia njia ile, na kwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori wa Afrika, kilichopo pale tangu 1963. Mwaka 1969, jarida la Uingereza la walimu wa fizikia liitwalo Physics Education lilichapisha makala ya waandishi wawili. Mmoja alikuwa Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia chuoni Dar es Salaam, wakati chuo kile kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wa pili alikuwa Erasto Mpemba, na anwani yake ilikuwa chuo cha wanyamapori, Moshi. Mhadhiri na mwanafunzi, majina yao pamoja juu ya makala moja. Naomba niwasimulie kwa kirefu ilikuwaje, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wavulana wa pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friza. Friza yenyewe ndogo na wagombeaji wengi. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake anawahi nafasi kwa kutia maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Naye, asikose nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu walifungua, wakakuta ya Mpemba yameganda na ya mwenzake bado.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia imekuwaje. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Kijana akakubali, kama wanavyokubali watoto wetu. Lakini likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wauzaji wa kule hutia mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa kuwa huganda haraka. Wauza aiskrimu walijua jambo ambalo darasani lilikuwa limekataliwa.

Akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, kidato cha tano. Walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu mwingine, jibu lile lile. Aliposhikilia hoja yake, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu darasa zima liliimba kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Ninyi vijana mnajua kejeli ya darasa inavyokaa mwilini. Mtu anaweza kulisahau somo zima asiisahau siku aliyochekwa.

Ndipo Dk. Osborne alipokuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Akamaliza, akakaribisha maswali. Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi sawa, kimoja maji ya nyuzi 35 na kingine ya nyuzi 100, ukaviweka pamoja kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake walimwambia baadaye kuwa amewaaibisha, na kwamba alitaka tu kumtega mgeni.

Tazameni mgeni alifanya nini. Alimwuliza kijana kama ni kweli, na kama amelijaribu mwenyewe. Kijana akasema amelijaribu. Osborne hakumwambia ana akili sana, wala hakumwambia amechanganyikiwa. Alisema hajui sababu, na kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Baadaye aliandika wazi kuwa moyoni alidhani kijana amekosea. Hata hivyo aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto kweli yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi! Wakarudia, na matokeo yakawa yale yale. Hapo ndipo ilipotoka makala ya 1969, na mpaka leo duniani kote jambo hilo linatajwa kwa jina la Mpemba.

Mtu anaweza kunisimamisha hapa aseme: Mwalimu, mbona wanasayansi bado wanabishana? Ni kweli. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilishindanisha watu walete maelezo, yakaja zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine wakaandika kwamba wao, wakipima kwa uangalifu, hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa jambo hilo lipo. Mimi si mwanafizikia na siamui ugomvi huo. Ninachosema ni kwamba swali la kijana wa sekondari limewashughulisha mabingwa kwa zaidi ya nusu karne, na lingekufa Iringa kama mtu mmoja asingekubali kuondoka nalo. Ama walimu wawili waliomkatalia hawakuwa wajinga. Walilijua somo lao vizuri kabisa. Walichokosa ni subira ya kuliacha swali likae wazi mpaka lipimwe.

Mkwawa ile leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu 2005. Pale alipochekwa Mpemba ndipo tunapofundisha walimu wa nchi hii. Kila nikikumbuka hilo nafsi yangu haitulii.

Sasa niseme lingine ambalo wanafunzi hulitaja kwa sauti ya chini. Osborne aliliweka jina la Mpemba juu ya makala. Mpemba hakupewa asante kwenye tanbihi. Aliandika sehemu yake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, habari za maziwa na friza na kuchekwa kwake. Ninawajua vijana waliozunguka vijijini mwezi mzima na dodoso, jua la Same likiwachoma, kisha wakaiona kazi yao imechapishwa kwa jina la msimamizi peke yake. Hawa hawasemi neno, kwa sababu barua ya kuwaombea kazi itatoka kwa mtu huyo huyo. Ila heshima imekwisha siku hiyo, hata kama “shikamoo, mwalimu” inaendelea.

Dar es Salaam ya zama zile ilikuwa na mwingine wa aina ya Osborne. Walter Rodney, kijana wa Guyana aliyezaliwa 1942, alifika kufundisha historia 1966 akiwa na miaka 24. Wanafunzi wake walimjadili, walimpinga, walikesha naye katika midahalo. Kitabu chake kikubwa kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilipotoka 1972, katika utangulizi aliwashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu kwa kusoma mswada na kuukosoa. Wawili hao walikuwa vijana wa pale pale chuoni, wahariri wa jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche, ambalo wakati kitabu kinatoka lilikuwa limekwisha kupigwa marufuku. Mwalimu anawapa vijana mswada wake wautoe makosa! Ni wangapi kati yetu tungethubutu?

Nirudi nyumbani. Chuo cha Ushirika hapa Moshi kilianza 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine 2004, na chuo kikuu kamili 2014. Kilianzishwa kuwafundisha watu wa vyama vya ushirika, na ushirika wa mlima huu ni wa zamani: chama chetu cha KNCU ni cha 1933. Maana yake ni kwamba mwalimu wa hesabu aliyesimama mbele ya darasa la namna ile alikuwa akizungumza na watu waliokwisha kushika mizani ya kahawa na daftari la wakulima. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kuwa amechanganyikiwa kuhusu mizani. Nadhani walimu wa vyuo vyetu vyote wangefaidika wakimtazama hata mtoto wa mwaka wa kwanza kama mtu aliyekuja na mizani yake.

Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mimi sikufanya hivyo.

Nilikuwa nafundisha uchumi wa kilimo. Siku hiyo nilikuwa nikieleza kwamba bei ya kahawa ikianguka, mkulima hung'oa mibuni akapanda kitu kingine. Nikachora mstari ubaoni, bei upande huu, mibuni upande ule. Binti mmoja, ametoka huko juu Kibosho, akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiingereza cha kubabaika mbona bibi yake hakung'oa hata mbuni mmoja wakati bei imeanguka kabisa, ilhali jirani aling'oa mwaka ambao bei ilipanda. Nilikuwa na dakika kumi na nusu nzima ya mada mbele yangu. Nikamjibu, “Hiyo ni habari ya bibi yako. Tunazungumzia uchumi.” Darasa likacheka, akakaa.

Ilinichukua miaka kuelewa aliloniuliza. Wachaga waliomo humu mnalijua bila shule: kwenye kihamba, migomba ni ya mama, kahawa ni ya baba. Bibi yule hakuwa na mamlaka ya kung'oa mbuni uliopandwa na ukoo wa mumewe, bei iwe juu, iwe chini. Na kihamba chenyewe kina makaburi ya wazee. Mtu hakifanyii hesabu kama shamba la kukodi tambarare. Swali lile lilikuwa na utafiti mzima ndani yake. Lilikuja bure, mezani kwangu, nikalifukuza.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye sokoni Mbuyuni, mama wa watoto wawili, akanisalimia kwa adabu zote. Nikamwambia nakumbuka swali lake na kwamba lilikuwa swali zuri kuliko mhadhara wangu. Alinyamaza kidogo, akahamishia kikapu mkono wa pili. Kisha akasema, “Mwalimu, sikuuliza tena mpaka nikamaliza.”

Miaka mitatu ya chuo, na mkono haukunyooka tena. Mimi ndiye niliyeushusha.

Nimetaja Kiingereza cha kubabaika. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Akili ya kuuliza ameipata kwa lugha moja, ruhusa ya kuuliza anapewa kwa nyingine. Akiwa amekaa kule nyuma anapanga sentensi kichwani, anaisahihisha, anaogopa kitenzi, na akiwa tayari mada imeshapita. Wanafunzi wanampenda sana mwalimu anayesema, “Uliza kwa Kiswahili, nitakusikia.” Wapo watakaosema huko ni kushusha viwango. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam ilianzishwa 1970 na imefundisha shahada kwa Kiswahili, na wasomi wake wanaheshimika popote wanapokwenda. Kiwango cha mwanafunzi kinapimwa kwa uzito wa swali lake.

Mengine nitayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa yanajulikana. Mwanafunzi anamheshimu mwalimu anayefika. Na asipofika, anampa taarifa si-ar, yaani kiongozi wa darasa, kabla watu hawajapanda daladala kwa nauli iliyobaki ya bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu. Anamheshimu anayerudisha majaribio kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula, yakiwa na maneno pembeni, siyo namba peke yake. Alama bila maneno haimwambii aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, arekebishe nini. Na anamheshimu ambaye alama zake hazina njia ya pembeni. Hapa sitapunguza sauti: rushwa ya ngono ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mhadhiri anayemwita binti ofisini jioni kuhusu alama hastahili jina la mwalimu. Binti anayeogopa ofisi ya mwalimu hawezi kupeleka swali huko. Wazazi mliopo, mkisikia habari hiyo nyumbani, msimwambie mtoto avumilie apate cheti. Mpelekeni akaripoti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Nawasikia walimu wenzangu vijana wakinong'ona, na wana haki. Darasa ni la mamia, spika inakoroma, mtu mmoja amebeba masomo matatu na miswada ya kusahihisha imejaa chini ya kitanda. Zaidi ya hayo, unapoomba kupanda cheo, kamati inataka machapisho. Swali ulilorudi nalo wiki iliyofuata halihesabiwi popote. Mwisho wa muhula wanafunzi wanajaza fomu ya tathmini: mwalimu alifika kwa wakati? alimaliza mada? alitumia vifaa? Osborne angejaziwa hiyo fomu pale Iringa, sijui angepata alama ngapi. Nawaomba wakuu wa vyuo vya mkoa huu waongeze swali moja tu kwenye karatasi hiyo: je, mwalimu alirudi na jibu la jambo aliloulizwa akalikosa? Na kamati za vyeo ziisome hiyo sehemu kama zinavyosoma majarida.

Kwa mwalimu mwenye mamia, nina ombi la gharama ya daftari moja. Liite daftari la maswali. Kila kipindi andika humo swali moja ambalo hukuweza kulijibu, na jina la aliyeuliza. Kipindi kinachofuata anza nalo, dakika tano, hata kama unachoweza kusema ni kwamba umetafuta hujapata. Nimelifanya hilo miaka yangu ya mwisho ya kazi. Ninayo madaftari manne nyumbani, na somo langu lilibadilika kuliko lilivyobadilishwa na kitabu chochote nilichonunua.

Nanyi wanangu, desa halitawauliza kitu. Mwalimu akiwaacha njaa, ulizeni kwa adabu, ulizeni tena, na mwenzenu akisimama kuuliza msimcheke. Waliomcheka Mpemba walikuwa wanafunzi wenzake.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Nimekuja na daftari na kalamu. Sasa ni zamu ya maswali, na ninaomba la kwanza litoke mlangoni, kwa wale waliosimama.